Tawi Lililoipa Mihrabu Kisogo

Mtaa mzima ulikuwa umekwisha kumsamehe Fundi Durmush mara mbili, na mara zote mbili hakwenda popote.

Hilo lilimkera kuliko hata maumivu ya magoti. Katika mji wa Iznik, mtu akinuia kwenda Hijja huzunguka nyumba kwa nyumba kabla ya safari. Anabisha hodi, anaomba radhi kwa yote aliyowakosea watu, makubwa na madogo. Mwenye nyumba anajibu, "Nimekusamehe duniani na akhera." Wanalia kidogo, wanakumbatiana, na msafiri anaondoka akiwa mwepesi. Durmush alikwisha kulia na watu wote hao. Mara ya kwanza alifika mbali kiasi cha kumwambia jirani yake, Bi Dondu, kwamba yule kuku wake mweusi hakuliwa na mbweha. Ni yeye Durmush aliyemtupia gogo la kuni alipomkuta anaparua udongo ulioanikwa. Bi Dondu alimsamehe huku anajifuta machozi. Kesho yake likaja agizo kutoka jumba la sultani, vigae vya hamamu, nyumba ya kuogea, ya bibi mkubwa fulani, na Durmush akabaki. Msafara wa mahujaji ukapita katikati ya mji na ngamia wake na kengele zake, ukatokea lango la Lefke, wakati yeye yumo ndani ya tanuri mpaka kiunoni, anakwangua majivu.

Bi Dondu akaanza upya kudai kuku wake.

Mwaka uliofuata ikawa yale yale. Akazunguka, akalia, akasamehewa. Likaja agizo la vigae vya kaburi la pasha mmoja ambaye hata kufa alikuwa hajafa. Watu wakaanza kumwita Hajji Kesho. Kinyozi alimwita hivyo, mwoka mikate alimwita hivyo, na siku moja hata imamu ulimi ulimteleza.

Mwaka huu aliapa. Agizo lilikuja mapema, na alilishukuru kwa kuja mapema: kuta mbili za vigae kwa ajili ya msikiti mpya wa Istanbul, ukuta mmoja kulia kwa mihrabu na mwingine kushoto. Akazichoma moja baada ya nyingine, majira yote ya baridi. Mkewe, Gulfem, alikuwa ameshakausha mikate ya njiani na kuijaza kwenye mfuko. Msafara ulikuwa umeshaondoka Uskudar, ng'ambo ya Istanbul. Ukifika Iznik, Durmush angefunga mlango wa karakana, achukue fimbo yake na aende. Magoti yake yalikuwa yanamwambia wazi kwamba mwaka mwingine hayaahidi.

Kulikataa agizo la jumba hakukuwezekana, na kumwachia mtu mwingine nako kulikuwa kugumu, kwa sababu ya rangi nyekundu. Mafundi wengine walitoa buluu nzuri na kijani kizuri, lakini nyekundu yao ilitoka tanurini ikiwa ya kahawia kama ini lililolala. Ya Durmush ilitoka nyekundu kweli, tena imetuna juu ya kigae kama tone la nta, ukipitisha kidole unaisikia. Siri ilikuwa kwenye moto. Na moto aliuangalia yeye peke yake. Aliyesogelea lile tundu la kuchungulia alifukuzwa kwa koleo.

Siku ya kufungua tanuri kwa mara ya mwisho, walikuwapo watatu uani: yeye, Gulfem, na Behram, mdogo wake Gulfem, ambaye ndiye mchoraji wa karakana. Behram alikuwa na mkono wa dhahabu na mdomo usiokaa kimya. Aliimba akichora, akiimba vibaya, na kila akikosolewa alikuwa na jibu.

"Shemeji, nifungue?" Behram aliuliza.

"Usiguse."

"Nauliza tu."

"Na mimi nakujibu tu."

Durmush aliweka kiganja kwenye matofali ya mlango. Yalikuwa yamepoa kabisa. Akasema bismillahi, akatoa tofali moja, akasikiliza. Kimya. Baridi ikiingia kwa ghafla vigae hulia kama barafu ya ziwa inayopasuka, na akishausikia mlio ule fundi anajua kazi yake imekwenda na maji. Hakusikia kitu. Akatoa matofali mengine, akaingiza mkono, akatoa kigae cha kwanza.

Kilikuwa chekundu pale kilipotakiwa kuwa chekundu. Alipitisha kidole gumba juu ya ua, akalisikia.

"Mashaallah," Gulfem alisema. "Leo basi hutagomba."

"Siku bado ndefu, dada," akasema Behram.

Vigae vikatoka vyote. Kimoja tu kilikuwa na ufa wa nywele pembeni, mahali patakapofunikwa na chokaa. Durmush alivipanga chini uani kimoja kimoja, kama alivyofanya na vile vya ukuta wa kwanza kabla ya kuvifunga kwenye majani makavu na kuvitia makashani. Mchoro ulikuwa tawi la mlozi lililochanua, maua meupe juu ya buluu, na tulipu nyekundu chini yake. Tawi lilianzia chini, likapanda, kisha likainama upande mmoja kama linasukumwa na upepo. Durmush aliweka kigae cha mwisho, akanyoosha mgongo, akasimama. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi hakuwa na la kulalamikia, akajisikia kama mtu aliyepoteza kofia.

Gulfem aliinamisha kichwa upande, akitabasamu. "Na hili nalo linakwenda kisimani kunywa maji," alisema.

Durmush aligeuka akakitazama kisima.

Kisima kilikuwa upande wa kushoto wa uwanja. Siku walipolaza ukuta wa kwanza pale pale, Gulfem alisema maneno yale yale, kwamba tawi linakwenda kunywa maji. Walicheka wote.

"Behram," Durmush aliita.

"Naam, shemeji."

"Lile tawi la kwanza liliinama wapi?"

"Lilikotakiwa."

"Sikuulizi lilitakiwa wapi. Liliinama wapi?"

Behram alilitazama tawi, akakitazama kisima, akalitazama tawi tena. "Kisimani," alisema, sauti imepungua.

"Na hili?"

"Hili... na hili kisimani."

Kuta mbili. Mmoja kulia kwa mihrabu, mmoja kushoto. Matawi yalitakiwa yainamiane, kila moja lielekee mihrabu kama watu wawili wanaomsikiliza mzee mmoja. Sasa yote mawili yaliinama kushoto. La kulia lingeelekea mihrabu. La kushoto lingeipa mihrabu kisogo na kukimbilia mlangoni.

Mchoro ulikuwa umetoka jumbani kwenye karatasi kubwa, na karatasi yenyewe imetobolewa kwa sindano kufuata kila mstari. Mchoraji huilaza juu ya kigae, akaipigapiga kwa kifuko cha kitambaa chenye unga wa mkaa, na vitone vyeusi hupenya na kubaki juu ya kigae. Kisha huviunganisha kwa brashi. Ukitaka tawi liiname upande wa pili unaigeuza karatasi, basi. Hata walevi wa Iznik wanalijua hilo.

"Hukuigeuza karatasi," Durmush alisema.

"Ningeigeuzaje? Si ulimsikia yule karani, Abdi Chelebi, alivyosema? Uso wa mchoro usiguswe na mkaa! Nikiulaza uso juu, mkaa unautulia. Nikaulaza uso chini."

"Mara ya kwanza."

"Mara ya kwanza."

"Na mara ya pili?"

"Chini. Msafi kama ulivyokuja. Nenda kautazame mwenyewe," Behram alisema, na Mungu amsamehe, alisema kwa kujivunia.

Durmush alikaa juu ya ukingo wa kisima. Abdi Chelebi alikuwa karani wa ofisi ya majenzi ya jumba, kijana wa mjini aliyekuja na agizo lile akiwa ameziba pua kwa leso kwa ajili ya moshi. Alitoa amri nyingi kuhusu karatasi kuliko kuhusu vigae. Isinakiliwe, michoro ya jumba isije ikaonekana kwenye sahani za sokoni. Isikunjwe pembe. Na ule uso wenye wino, usiguswe na mkaa hata chembe, maana utarudi kwa mchoraji mkuu naye atautazama kwa macho yake. Durmush aliitikia ndiyo, ndiyo, huku akiwaza kuni za misonobari. Behram akasikiliza kila neno. Miaka yote hiyo hajawahi kusikiliza, na akachagua siku ile.

"Na wewe," Durmush alijiambia kwa sauti, "na wewe ulikuwa wapi?" Lakini alijua. Vigae vinapofika tanurini vimeshafunikwa na uji mweupe wa kioo. Huoni kitu mpaka moto uuyeyushe. Na kuta zile mbili hakuwahi kuzilaza pamoja, kwa kuwa wa kwanza ulikuwa umeshafungwa kwenye majani.

"Shemeji, tulia," Behram akaanza. "Nani atakayeona? Watu wanaingia msikitini kusali, hawaendi kukagua matawi."

"Mtu mwenye macho mawili ataona."

"Akiona atasemaje? Upepo unavuma. Umewahi wewe kuona upepo unavuma pande mbili kwa wakati mmoja? Ukitaka ukweli, hivi ndivyo ilivyo kule mashambani. Waliokosea ni wale wa jumbani."

"Behram."

"Naam."

"Nyamaza nisije nikakuchoma."

Behram alikuja kando ya kisima. Alichuchumaa karibu na shemeji yake, akashusha sauti. "Msafara unafika kesho au keshokutwa. Kuchora upya, kupaka, kuchoma, kupooza, ni majira mazima. Hili wewe unalijua kuliko mimi. Tufunge tu kwenye majani. Mpaka vigae vipandishwe ukutani wewe upo Makka. Na ukitaka kuomba msamaha utaomba huko huko, tena kwa Mwenyewe, bila kupitia kwa karani."

"Astaghfirullah, funga mdomo!" Gulfem alimpiga bega kwa kitambaa cha mikono. Lakini hakumtazama mumewe. Aliutazama mfuko wa mikate uliokuwa umening'inizwa mlangoni.

Durmush alikaa pale mpaka miguu ikafa ganzi. Kisha aliinuka.

"Leteni majani," alisema.

Walivifunga vigae. Behram hakuimba.

Abdi Chelebi alifika siku iliyofuata na nyumbu wake, leso imo mkononi. Jambo la kwanza aliulizia karatasi. Alipoletewa, aliifungua taratibu, akaigeuza huku na huku kwenye mwanga, uso wake ukachanua.

"Haina hata alama! Hebu tazama wino ulivyo. Mnajua nimewapelekea wangapi michoro ikarudi kama imetumika kufutia masufuria? Nitawasifia nyinyi huko. Nitasema Iznik kuna watu wastaarabu."

Durmush aliuma meno. Behram alijishughulisha na kamba.

Kisha karani akafungua kasha moja, akatoa kigae, akapitisha kidole juu ya nyekundu. Akatoa kingine. Akavipiga kwa kucha kusikia mlio. Alikuwa mtu makini, hilo haliwezi kukanwa, aliangalia kila kilichoweza kuangaliwa kwa kigae kimoja kimoja. "Vizuri sana," alisema. "Vizuri mno. Pakieni."

Na mtu mmoja akapita njiani akipiga kelele kwamba msafara umeonekana, umeshapiga mahema nje ya lango la mji la upande wa Istanbul, unalala pale, kesho asubuhi unapita.

Kwa hiyo Durmush alichukua fimbo yake, akaenda kuomba radhi kwa mara ya tatu.

Mwoka mikate alimsamehe bila kuacha kukanda unga. Kinyozi alimwambia, "Nimekusamehe, Hajji Kesho, na kama hutakwenda rudi hapa, nitakunyoa nusu." Kwa Bi Dondu alibisha hodi mara mbili kabla mlango haujafunguka kidogo.

"Nani?"

"Mimi Durmush, Bi Dondu. Nimekuja kukuomba radhi."

"Tena?"

"Ndiyo, tena."

"Mwaka juzi nilikusamehe kuku. Mwaka jana nikakusamehe kuku yule yule. Mwaka huu umeniulia nini?"

"Sijaua kitu, mama. Ni radhi tu, ya yote."

"Ya yote nilikupa, ukaenda kukaa nayo nyumbani. Watu wanasamehewa ili wasafiri, wewe unasamehewa halafu nakuona asubuhi unanikoholea mbele ya mlango! Mama yako alikuita Durmush, aliyebaki, kwa kuwa wenzako wote walikufa. Alitaka ubaki hai. Hakusema ubaki hapa."

"Bi Dondu, nina haraka."

"Haya." Alifungua mlango zaidi, akamtazama kutoka kichwani mpaka kwenye fimbo. "Nimekusamehe duniani. Ile ya akhera ngoja kwanza nione ngamia wameondoka na wewe."

Aliporudi uani, makasha yalikuwa yameshapandishwa juu ya nyumbu. Abdi Chelebi alikuwa anakaza kamba ya mwisho kwa goti. Gulfem alisimama mlangoni na mfuko wa mikate. Alikuwa amevaa shungi lake jipya. Behram alisimama kando ya kisima, anatazama mawingu.

Mtu pekee aliyebaki kuombwa radhi alikuwa yule karani.

"Bwana Abdi," alisema Durmush. "Nakwenda Hijja kesho. Niwie radhi."

Abdi Chelebi alicheka, hakugeuza hata shingo. "Kwa lipi, fundi? Nimekusamehe. Kwa lolote lile, ninalolijua na nisilolijua. Duniani na akhera." Akavuta kamba. "Niombee dua huko."

Ilikuwa radhi nzuri. Ilikuwa nzima, haina masharti, haina kuku ndani yake. Durmush alingoja ule wepesi aliouzoea. Mara mbili alikuwa ameujua, tangu kwa Bi Dondu mpaka kwa imamu, na mara zote mbili ulimshika pale pale, kabla mtu hajamaliza kusema. Sasa haukuja. Alihisi kama ameokota mkoba wa mtu barabarani na mwenyewe bado anatembea mbele yake, mgongo tu unaonekana.

Alilaani kimoyomoyo. Akamlaani Behram, akailaani karatasi, akayalaani na matawi yote ya milozi yanayoinama. Abdi Chelebi aliishika hatamu ya nyumbu wa mbele.

"Rudisha," Durmush alisema.

"Nini?"

"Hiyo radhi. Irudishe kwanza. Hujui umesamehe nini."

"Shemeji!" Behram alisema kwa sauti ya mtu aliyekanyagwa kidole.

"Shusheni makasha," Durmush alisema. "Yote."

Walipanga kuta zote mbili pale chini, mmoja kando ya mwingine, na jua limezipiga vizuri. Abdi Chelebi alizitazama, mikono nyuma.

"Nzuri," alisema. "Sasa ulitaka nione nini?"

"Yanaelekea wapi?"

"Matawi? Yanaelekea... kule. Kisimani."

"Lipi?"

"Yote mawili."

Durmush alingoja. Gulfem alingoja. Ilimchukua karani muda mrefu kiasi kwamba Behram alianza kuwa na matumaini. Kisha leso ikamwanguka mkononi.

"Lahaula!" alisema Abdi Chelebi. "La kushoto limegeuka! Linakwenda nje! Mmefanya nini nyinyi? Mji mzima wa vigae, kazi yenu tangu mababu ni hii, na hakuna anayejua kuigeuza karatasi? Mtoto mchanga anajua kuigeuza karatasi! Mbuzi—"

"Uso wa mchoro usiguswe na mkaa," Behram alisema. Alisema kwa sauti ya Abdi Chelebi mwenyewe, pua imezibwa, na Durmush angemkumbatia kama asingekuwa na hasira naye. "Hata chembe."

Karani aliutazama tena ukuta wa kushoto.

"Mimi nilimaanisha..." alisema. "Nilimaanisha tu uwe msafi."

"Uko msafi," alisema Durmush.

Nyumbu mmoja alijikuna kwenye ukuta. Abdi Chelebi aliokota leso yake, akaipangusa, akaikunja, akaikunja tena, na alipoanza kusema sauti ilikuwa ya mtu mwingine, kijana zaidi.

"Mchoraji mkuu ataniua. Hapana, hataniua, atacheka. Atawasimulia wote. Fundi, huu lazima uchorwe upya, huu wa kushoto. Siwezi kupeleka nusu ya mihrabu."

"Najua."

"Na wewe unakwenda Hijja."

"Najua na hilo."

"Hakuna mwingine wa kuchoma? Mji mzima huu?"

Durmush aligeuka akalitazama tanuri.

"Muulize yeye," Gulfem alisema kutoka mlangoni. Mfuko wa mikate ulikuwa bado mikononi. "Muulize ni wangapi walioomba kufundishwa ule moto. Na koleo la kuwafukuzia lile pale, limepinda kwa kazi."

Durmush alimtazama mkewe, mkewe akamtazama. Kisha Gulfem aliingia ndani na mfuko wake, na baada ya kitambo wakasikia akiutundika mahali pake.

Kutoka upande wa pili wa ukuta, ambako hakuna aliyejua kama kuna mtu, sauti ya Bi Dondu ilipanda.

"Durmush! Ile ya duniani nayo naichukua!"

Asubuhi msafara ulipita. Watu wote wa mtaa walikwenda kusimama barabarani. Gulfem alikwenda, akiwa na shungi lile lile jipya, kwa sababu lilikuwa limeshapigwa pasi na hakutaka lipotee bure. Durmush hakwenda. Alikaa kwenye benchi la Behram, na mbele yake kigae kitupu cheupe, na juu ya kigae karatasi ya jumba la sultani, uso juu. Kazi hii alitaka kuifanya mwenyewe. Hakuwa na imani na mtu yeyote kuhusu upande wowote.

Alichukua kifuko cha mkaa, akapiga. Vumbi jeusi likatua juu ya maua, juu ya majani, juu ya wino mzuri wa mchoraji mkuu. Akapiga tena kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Abdi Chelebi, ambaye hakuwa na mahali pa kwenda na nusu ya mihrabu, alisimama nyuma yake. Kila kipigo alifumba macho.

Kengele za ngamia zilisikika kutoka barabara kuu, kwanza chache, kisha nyingi, mpaka brashi zilizokuwa kwenye kopo zikaanza kutetemeka. Watu walikuwa wanapiga takbiri. Durmush aliendelea kupiga mkaa. Alikuwa amekunja uso kama mtu anayesikia mlango wa jirani unabamizwa na hataki kuuliza kuna nini.

"Behram," alisema.

"Naam, shemeji."

"Tukiwasha tanuri utakaa na mimi kwenye tundu."

"Mimi?"

"Kuna Behram mwingine humu?"

"Si uliniambia nisiguse?"

"Hutagusa. Utatazama, na hutaimba. Mwakani utagusa."

Behram alilisogeza kopo la brashi karibu na mkono wa shemeji yake.

Kengele zilipungua. Waliokuwa mbele walikuwa wameshalifikia lango la Lefke, na baada ya hapo ni barabara tu. Durmush aliishika karatasi kwa pembe mbili, akainyanyua polepole. Chini yake, juu ya weupe wa kigae, vitone vyeusi vilionekana, tawi zima, limeinama upande wa pili, mbali na kisima.

Abdi Chelebi alijisogeza akaliangalia. Mkaa ulikuwa umemwingia mpaka kwenye kola, na leso aliisahau. "Fundi," alisema. Alikohoa. "Lile neno la uso wa mchoro lilikuwa langu. Mimi ndiye niliyekubakisha. Niwie radhi."

Durmush alichukua brashi, akampa Behram bila kumtazama. Akavuta kigae kingine.

"Mwakani," alisema. "Kwa sasa usinipumulie mkaa."